Mngojeeni Okumu

Katika wenye maduka wote waliokimbilia Nyangoto dhahabu ilipovuma, Okumu alijulikana kwa jambo moja: alikuwa anaandika. Wengine waliweka mambo yao kichwani, au walichora vistari vya mkaa ukutani na kuvifuta kwa kiganja. Okumu alinunua vitabu vikubwa vya hesabu kutoka Migori, ng'ambo ya mpaka, vile vya jalada gumu jekundu. Kila jioni kabla ya kufunga duka alivuta kiti cha kukunja, akaegemeza kitabu juu ya gunia la chumvi, akaandika. Alitumia mkono wa kushoto. Walimu wa misheni kule Shirati walimchapa sana ili wamgeuze, wakashindwa, na herufi zake zikabaki zimelala kinyumenyume kama majani yaliyopigwa na upepo wa ziwa. Tena alikandamiza kalamu kwa nguvu, utadhani anachonga mti.

Kezia, mkewe, alipenda kumtazama saa hiyo. Mchana kutwa Okumu alikuwa mali ya watu. Huyu anataka betri za tochi, yule anataka sururu, mwingine amekuja na chembe za dhahabu amezifunga kwenye nailoni na hataki kuzitoa mpaka mizani iwekwe mezani aione. Lakini kitabu kikishafunguliwa, hata wateja walinyamaza. Kezia alikaa kwenye kizingiti na Vivian, binti yao, akimnyonya, akasikiliza kalamu ikikwaruza. Hakuwahi kuvisoma vile vitabu. Aliishia darasa la nne, lakini kusoma alijua. Kilichomzuia ni sheria ya mwenye duka, kwamba vitabu haviguswi na mtu. Okumu hakuwa mkali kwa mengine. Kwa hilo alikuwa mkali.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, kabla ya uzio na mitambo mikubwa. Nyangoto ilikuwa kama mnada usiovunjika. Watu walitoka Musoma, Geita, Kisii, hata Uganda. Mahindi yaling'olewa yakiwa bado machanga kwa sababu mtu amesikia mwamba wa dhahabu umepita chini ya shamba la jirani. Ndugu wa tumbo moja waligombania mpaka ambao baba yao hakuwahi kuuwekea hata jiwe. Okumu na Kezia, Wajaluo kutoka upande wa Shirati, walikuwa wageni pale. Walipewa kipande cha kujenga duka na mama mmoja wa Kikurya, jina lake Wegesa, mwenye maneno machache na maziwa mengi. Wegesa na Kezia wakawa marafiki wa kusukana nywele, kila mmoja akiongea Kiswahili cha kwao na kumcheka mwenzake.

Kiangazi kimoja zikaja habari kwamba dhahabu imeonekana kwenye kijito huko Ringwani, upande wa Serengeti. Wachimbaji wakaanza kuhama Nyangoto kama nyuki. Okumu alisema atakwenda kuangalia, anunue kitakachopatikana, na kabla ya Jumapili atakuwa amerudi, kwa kuwa Jumapili ilikuwa zamu yake kanisani. Akaoga pale kwenye pipa, akavaa shati la mistari, akaweka mizani yake ndogo kwenye kisanduku chake na kupanda lori la mahindi. Kezia alikuwa anakanda unga. Mikono ilikuwa imejaa ngano, kwa hiyo hakumpa mkono. Alisema tu, "Haya, safari njema," bila kuinua uso vizuri. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote: kwamba siku ile hakumtazama.

Jumapili ikapita na nyingine ikapita. Kezia akamwachia Wegesa mtoto, akaenda Ringwani mwenyewe. Alifika akakuta kijiji cha wakulima kimerudi katika hali yake, mihogo na ng'ombe, na kando ya kijito mashimo yaliyoanza kuota nyasi. Dhahabu ilikuwa kiduchu, ilikwisha haraka. Mkulima mmoja, Nyangwine, alimkumbuka Okumu. Alisema alikuwa mtu mstaarabu, mashoto, alinunua kwa vijana wake na kuwaandikia kila mmoja kikaratasi. Halafu kundi la wanunuzi likaondoka kwenda kusini kufuata uvumi mwingine, naye akaenda nao. Ni wapi hasa, Nyangwine hakujua. Akampa Kezia uji na sehemu ya kulala kwa mkewe, na asubuhi akamsindikiza hadi barabarani.

Kuanzia hapo habari za Okumu zikagawanyika. Mmoja alimwona Geita, amefuga ndevu. Mwingine alimwona Kahama na mwanamke. Wa tatu aliapa kwamba alikula naye samaki huko Kongo. Wa nne alisema kuna shimo lililofukia watu na Okumu alikuwa amesimama karibu nalo, ingawa huyo wa nne hakuwapo, aliambiwa. Kezia alizifuata zile alizoweza kuzifuata. Alikwenda Geita akamkuta mwenye ndevu, jina lake Okumu kweli, lakini mtu wa Homa Bay, mfupi, mcheshi, aliyesikitika sana kwamba si yeye. Kadiri miaka ilivyokwenda Kezia aligundua kwamba anayemletea habari za kumwona mumewe anamwumiza kuliko anayemwambia hajamwona.

Baadaye Nyangoto ikabadilika. Kampuni ikaja, uzio ukapita, eneo la duka likawa ndani. Wegesa akahamia kwa ndugu zake Ringwani, na Kezia akaenda Tarime mjini, akapanga chumba na sebule Bomani, akaanza kuuza vitenge alivyovifuata Sirari. Vivian akasoma, akawa muuguzi, akaolewa. Kutoka Nyangoto Kezia alihama na kitanda, sufuria, na masanduku mawili ya bati. Ndani ya masanduku ndimo vilimokuwa vitabu vyekundu vya Okumu, pamoja na barua zake, leseni ya duka, kadi ya ubatizo, na bahasha za picha. Aliyaweka chini ya kitanda juu ya matofali. Hakuyafungua. Mwenyewe akirudi atauliza vitabu vyake, na Kezia alitaka aweze kumjibu kwamba hakuna aliyevigusa.

Aliyekuwa hapendi jambo hili ni Ouma, kaka mkubwa wa Okumu. Ouma alibaki Shirati kwenye boma la baba yao, akilima mtama na kufuga mbuzi. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja Bomani na mfuko wa unga na samaki wakavu, akakaa sebuleni, akanywa chai, na chai ikiisha akasema lile lile. Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usionekane, jamaa hukata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mguu wa mtu, wakalifunga shuka na kulizika mahali pake. Hapo aliyepotea anakuwa amelala nyumbani, na walio hai wanaendelea.

"Shemeji," Ouma alisema safari moja, "ndugu yangu hana mahali. Sisi wote tuna mahali, yeye hana. Niruhusu nikate yago."

"Ukishamzika," Kezia alimjibu, "halafu siku moja akasimama hapo mlangoni, nimwambie nini?"

Ouma alitazama mlango kana kwamba mtu amebisha kweli. Bila idhini ya mke jambo lile lisingefanyika, na yeye hakuwa mtu wa kulazimisha. Akaondoka, na mwaka uliofuata akarudi na unga na samaki na neno lake.

Lilian alikuja katika mwaka wa mvua nyingi. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Tarime hapohapo, akifanya kazi chuo kikuu huko Mwanza, katika sehemu ya kutunza nyaraka za zamani. Alimsalimu Kezia shikamoo kwa heshima, akaeleza kwamba wanakusanya karatasi za wafanyabiashara wa wakati ule wa dhahabu. Kuhusu migodi yameandikwa mengi, alisema, lakini mtu akitaka kujua watu walikula nini, walivaa nini, waliuguaje na walisafirije, hakuna pa kutazama isipokuwa kwenye vitabu vya maduka, na vingi vimefungiwa karanga. Wegesa ndiye aliyemwelekeza.

Kezia alimpa chai na kumkatalia. Alisema vitabu vina mwenyewe, na mwenyewe amesafiri. Lilian hakubishana. Aliacha namba ya simu, akasema masanduku ya bati katika nchi yenye mvua si salama, akaenda zake.

Miezi michache baadaye, akifagia, Kezia aliona njia nyembamba ya udongo imepanda kwenye tofali. Alivuta sanduku na kulifungua kwa mara ya kwanza tangu Nyangoto. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wamekila kitabu kimoja kuanzia nyuma, wameacha jalada tu na vumbi lenye unyevu. Kezia alikaa sakafuni. Alichota lile vumbi kwa mikono miwili na hakujua aliweke wapi. Mtu alimwachia kitu kimoja tu akitunze, naye kakitunza mpaka kimeliwa. Alilia kama ambavyo hajawahi kulia, hata ile Jumapili ya kwanza, kwa sababu ile Jumapili alikuwa bado ana uhakika.

Alimpigia Lilian simu mwenyewe. Lilian akaja na gari la chuo na maboksi safi. Kulikuwa na fomu ya kusaini, na Kezia akasema hatasaini mpaka liongezwe neno moja. Lilian akaliandika kwa mkono chini ya fomu, kama alivyoambiwa: Okumu akija mwenyewe, arudishiwe vitabu vyake vyote siku hiyohiyo. Kisha Kezia akatia jina lake. Gari lilipoondoka, alirudi chumbani akasukuma kitanda hadi ukutani ili asiione ile nafasi iliyobaki.

Miaka miwili ikapita. Safari hii Ouma alikuja kabla ya mavuno, bila unga wala samaki, na simu ya mjukuu wake mfukoni. Alikuwa amezeeka ghafla. Alitembea akiegemea kuta. Alieleza kwamba mjukuu wake anasoma chuo, na huko ameona kwenye orodha ya nyaraka, orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma popote alipo. Akampa Kezia simu. Kezia akaisogeza mbali na macho mpaka maandishi yakasimama sawa. Yalisema: Nyaraka za marehemu Okumu, mfanyabiashara wa Nyangoto.

"Hata watu waliosoma wameandika hivyo, shemeji," Ouma alisema kwa upole. Hakusema kama mtu aliyeshinda.

Asubuhi iliyofuata Kezia alimwachia jirani vitenge vyake, akapanda basi la Mwanza. Alipita daraja la Kirumi, akapita Bunda, jua likimeta juu ya ziwa upande wake wa kulia, na njia nzima alikuwa akipanga maneno makali. Mtu anawapa vitu wamtunzie, wao wanamzika mwenye vitu. Hata kuuliza hawakuuliza.

Alifika akiwa ameyashika maneno yote, lakini pale mlangoni akaambiwa aache mkoba, aache kalamu ya wino, anawe mikono. Chumba cha kusomea kilikuwa kimya kuliko kanisa. Wanafunzi walikuwa wameinamia karatasi kuukuu, na madirisha yalikuwa na mapazia mazito kuzuia jua lisichubue wino. Lilian alimtambua, akaja haraka, akamkalisha. Kabla Kezia hajafungua mdomo, Lilian alikuwa tayari amekwenda kuleta boksi, akidhani mama amekuja kutazama vitabu vyake. Akaweka kimoja juu ya mto mdogo, kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akakifungua.

Na pale pakawa na mkono wa Okumu.

Maneno makali yalimpotea Kezia yote. Herufi zilikuwa zimelala vilevile kinyumenyume. Kwa muda hakusoma, aliangalia tu. Kisha akageuza ukurasa na kidole chake kikapita upande wa nyuma, akashtuka. Kwa nyuma karatasi ilikuwa na mikwaruzo, vilima vidogovidogo, mahali ambapo kalamu ilikandamizwa. Alifumba macho akapitisha kidole tena, taratibu. Alikuwa amemsahau Okumu sauti. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Sura ilikuwapo kwenye picha, lakini sauti iliondoka mwaka fulani bila kuaga. Sasa chini ya kidole chake kulikuwa na uzito wa mkono wenyewe, nguvu ileile, haikupungua hata kidogo.

Alipofumbua macho alianza kusoma, kwa kuvuta herufi moja moja. Alifikiri atakuta hesabu tupu. Hesabu zilikuwapo, za chumvi na betri na kamba, lakini pembeni, kwa herufi ndogo, Okumu alikuwa akiandika siku ilivyokuwa. *Mvua kubwa, mashimo yamejaa maji, watu wamelala.* Mbele kidogo: *Vivian amekunywa mafuta ya taa. Tumempa maziwa ya Wegesa. Mzima.* Kwingine: *Leo shimo limeporomoka. Nimefunga duka.* Kisha akafika mahali palipoandikwa: *Kezia amesukwa nywele. Sijamwambia kitu, lakini amependeza.*

Aliusoma mstari ule, akaurudia. Mkono wake ulipanda wenyewe kwenye kitambaa cha kichwa, juu ya nywele ambazo sasa zilikuwa nyeupe. Aliona haya, mbele ya wanafunzi wale wasiomjua, kama msichana aliyetazamwa njiani.

Alisoma mpaka mchana ukapita. Kuna kitu alikuwa akikitafuta, na alikuwa akikiogopa. Miaka yote watu walimnong'oneza kwamba mwanamume hapotei hivihivi. Lazima kulikuwa na mwanamke mwingine, au ugomvi, au jambo alilolikimbia. Kezia alifunua kitabu cha mwisho kwa moyo wa kupokea chochote. Hakukuwa na mwanamke wala ugomvi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache, ya jioni ile kabla ya safari: *Kesho Ringwani. Sukari imeisha. Nikirudi, bati la jikoni.*

Baada ya hapo karatasi zilikuwa tupu hadi jalada.

Lilian alikuja kumwambia kwamba ni saa ya chai, akamkuta ameweka viganja viwili juu ya ukurasa ule mtupu. Akavuta kiti.

"Nani alikuambia amekufa?" Kezia aliuliza.

Lilian akakiri kwamba hakuambiwa na mtu. Alisema karibu kila mwenye karatasi katika jengo lile ni marehemu, na mkono ukishazoea neno unaliandika wenyewe. Alisema anaona aibu, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika kwa mkono wake lile sharti la kumrudishia vitabu akija. Neno atalifuta leo. Lakini orodha inadai mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na wakubwa wake watauliza.

"Kuzaliwa andika arobaini na tisa," Kezia alisema. "Halafu weka kistari, uache wazi."

"Watauliza tunaacha wazi mpaka lini, mama."

Kezia aliangalia kuta, makabati ya chuma, maboksi yaliyopangwa hadi darini, kila moja na namba yake.

"Hili jengo litakuwapo mimi nikishakufa?"

"Litakuwapo."

"Na yale maneno tuliyoandika kwenye fomu?"

"Yako kwenye faili. Hata mimi nikiondoka, atakayekuja atayakuta."

Kezia akaitikia kwa kichwa polepole. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayempa mwenzake ufunguo wa duka.

"Basi mngojeeni nyinyi. Mimi nimengoja mpaka nimechoka, mwanangu. Nyinyi mna mahali pakavu, mna watu wa zamu. Mngojeeni Okumu."

Lilian alitoa penseli, akaandika kwenye kijitabu chake. Hakuinua uso haraka.

Kezia alilala kwa binti ya mjomba wake na kesho yake akapanda basi la kurudi. Alipofika Bomani hakuingia ndani. Alimpigia Ouma simu akiwa bado barabarani, na begi miguuni. Alimwambia akate yago. Upande wa pili Ouma akauliza kama amesikia vizuri, naye akasema amesikia vizuri.

Wakamzika Okumu Shirati, kwenye boma la baba yake, siku ya mawingu. Vivian alikuja na wanawe, ambao hawakuwahi kumwona babu huyo. Wegesa alitoka Ringwani akiwa na wifi yake, akaketi katikati ya Wajaluo bila kuelewa nyimbo zao, akalia kwa Kikurya. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Hakutaka kuonekana amebariki tunda, lakini hakutaka kukosekana. Tunda lilikuwa kubwa, la kijivu, limefungwa shuka jipya jeupe. Lilipokuwa likiteremshwa Kezia alingoja kitu kikatike ndani yake. Hakikukatika. Alijua ndani ya shuka mna nini, na alijua Mwanza kuna nini, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwake bila kusukumana. Alitupa udongo wake, akarudi nyuma.

Ikafika zamu ya Ouma. Ouma aliyeliomba jambo hili kila mwaka, aliyechagua mti mwenyewe na kumwelekeza mjukuu wake aukwee, alichukua udongo mkononi akashindwa kuutupa. Alisimama pale, mkono umenyooshwa, mpaka watu wakaanza kutazamana. Kezia akaenda, akamshika kiwiko.

"Nilifikiri nikimlaza nitapumzika," Ouma alisema. Alikuwa akisema naye peke yake. "Sasa shemeji, nitamngoja nani?"

Kezia hakuwahi kufikiri kwamba Ouma naye alikuwa akingoja. Alikuwa amemwona kama mtu wa mila, mtu wa kufunga mambo. Sasa alimwona kijana mkubwa aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kuvuka maji ya mto Mori, akimpeleka misheni, yeye mwenyewe akibaki nje na mbuzi kwa kuwa karo ilikuwa ya mmoja. Akaukunjua mkono wa mzee polepole, udongo ukaanguka.

Jioni, watu walipokwisha kula na kutawanyika, Ouma alimvuta pembeni ya zizi. Aliuliza kama ni kweli kwamba kule chuoni mtu yeyote akienda anaonyeshwa. Kezia akasema ni kweli, ila lazima anawe mikono. Ouma akafikiri. Akauliza kama wanamruhusu na asiyejua kusoma.

Walikwenda baada ya mavuno. Ouma alivaa koti lake la harusi ya Vivian, na pale mlangoni alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Lilian alileta boksi la kwanza. Kwenye kibandiko kulikuwa na jina, mwaka, kistari, na baada ya kistari hakuna kitu. Kezia alimwonyesha shemeji yake namna ya kupitisha kidole nyuma ya karatasi. Mzee alipitisha, akatabasamu, akasema huyu mtoto walimchapa bure. Kisha akasogeza kiti chake karibu na kumwomba amsomee tangu mwanzo, asiruke kitu, hata chumvi.

Kezia akavuta kitabu, akasafisha koo, akaanza kusoma kwa sauti ya chini ili asiwasumbue wengine. Mpaka walipoambiwa kwamba chumba kinafungwa, walikuwa bado hawajaumaliza mwezi wa kwanza.